Kutoa ni moyo? Waulizeni Wafaransa

Wiki iliyopita rafiki yangu anayesoma Lyon alinitumia ujumbe mfupi: "Leo nimepanga foleni Moyoni." Nikadhani baridi ya Ulaya imemfanya mshairi. Nikamuuliza moyoni kwa nani? Akacheka, akanieleza kwamba alikuwa kwenye foleni ya Restos du Cœur, yaani Migahawa ya Moyo, kuchukua chakula cha bure. Mchele, makopo ya maharage, maziwa, tufaha kadhaa na siagi.

Nikanyamaza kidogo. Huyu bwana tulimsindikiza uwanja wa ndege watu kumi na moja. Tulimchangia begi. Leo yupo kwenye nchi ambayo huwa tunaihesabu miongoni mwa tajiri duniani, anapanga foleni ya maharage, na anasema mbele yake kulikuwa na Wafaransa wazawa, wazee na akina mama wenye watoto wachanga mgongoni. (Ndiyo, siku hizi nao wanabeba.)

Basi nikaanza kulifuatilia hili jina. Neno la Kifaransa cœur, moyo, limetapakaa kila mahali. Kuna kanisa kubwa jeupe juu ya kilima Paris, kuna mji kule Marekani, kuna mashirika ya misaada na mahoteli ya kila aina. Nikajiuliza, hivi mtu akiliita jambo lake "moyo" anakuwa anatuambia nini? Na zaidi: anakuwa anatuzuia kuuliza nini? Kwa sababu sisi tunayo methali yetu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. (Ni "usambe", wandugu, maana yake usiseme. Watu wameshaigeuza kuwa "si utajiri".) Methali nzuri, tunaitoa kwenye kila kikao cha harusi. Lakini baada ya kuisoma habari ya hii migahawa, nimeanza kuitazama kwa jicho la pembeni.

Tuanze na mtu aliyeianzisha. Aliitwa Coluche, jina lake halisi Michel Colucci, mchekeshaji. Amezaliwa Paris mwaka 1944, baba yake mhamiaji wa Kitaliano aliyefariki mtoto akiwa bado mdogo, mama akabaki anahangaika na watoto. Jukwaani alivaa ovaroli ya mistari, pua nyekundu, mdomo mchafu usio na breki. Alimtukana kila mtu, na Wafaransa wakampenda. Mwishoni mwa 1980 akatangaza kuwania urais. Watu wakacheka, halafu kura za maoni zikaanza kumpa zaidi ya asilimia 10 na vicheko vikaisha. Alijitoa kabla ya uchaguzi wa 1981. Sio kichekesho peke yake pia, maana filamu ya Tchao Pantin ya 1983 ilimpa tuzo ya César ya mwigizaji bora.

Sasa njoo mwaka 1985. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, ule ndio mwaka ambao dunia nzima iliimba kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Wafaransa nao waliimba, wakauza santuri. Wakati huohuo kwao viwanda vinafungwa, ukosefu wa ajira unapanda, na magazeti yameanza kuzungumzia "maskini wapya". Tarehe 26 Septemba 1985 Coluche akiwa kwenye kipindi chake cha redio Europe 1 akasema ana wazo dogo: kama kuna kampuni zitamsaidia, afungue kantini ya kugawa chakula bure, Paris kwanza, halafu miji mingine. Hakuna mpango mkakati, hakuna semina elekezi ya siku tatu Bagamoyo. Desemba mwaka huohuo vituo vikafunguliwa. Msimu ule wa kwanza wa baridi watu wapatao 5,000 walijitolea, na milo milioni 8.5 ikagawiwa. Mwanamuziki Jean-Jacques Goldman akatunga wimbo wa kampeni, na walioshiriki kuurekodi ni pamoja na mwigizaji Yves Montand na mchezaji mpira Michel Platini. Hebu fikiria Platini yule wa Juventus anaimba kuhusu supu.

Jambo la kushika hapa ni kwamba Coluche hakusudii kuanzisha taasisi. Alikusudia kuvusha watu msimu wa baridi na kuiaibisha serikali. Tarehe 19 Juni 1986, miezi tisa tu baada ya ile redio, alifariki huko kusini mwa Ufaransa, pikipiki yake ilipogongana na lori. Alikuwa na miaka 41. Aliyewahi kuwa mke wake, Véronique, akaibeba ile kazi mpaka alipofariki mwaka 2018.

Na lile wazo dogo? Mwaka 2025 lilitimiza miaka 40. Katika msimu wa 2022 hadi 2023 Migahawa ya Moyo iligawa milo ipatayo milioni 170 kwa watu kama milioni 1.3. Nusu yao wana umri chini ya miaka 25. Zaidi ya theluthi moja ya msaada wote wa chakula Ufaransa unapita mikononi mwa shirika hili moja, ambalo wafanyakazi wake wengi kabisa, zaidi ya 70,000, ni watu wa kujitolea. Halafu neno "migahawa" lisikudanganye. Zipo sehemu wanazogawa chakula cha moto kwa watu wasio na makazi, lakini sehemu kubwa ni kama alivyokuta rafiki yangu: ghala, meza, makopo, unapita na kapu lako. Ukifika mara ya kwanza unatoa karatasi. Kipato chako, kodi ya nyumba, una watoto wangapi. Wanapiga hesabu, na kuna mstari. Ukiwa chini ya mstari unapewa, ukiwa juu unarudi nyumbani. Moyo wenye kikokotoo.

Siwasemi vibaya. Unapokuwa na magunia kumi na watu ishirini lazima upige hesabu. Nawasema wengine kabisa, na nitafika.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo watu wa huku wengi hawaijui, nami ndiyo imeninyima usingizi. Miaka ya 1980 Ulaya ilikuwa na kitu walichokiita milima ya siagi. Sera yao ya kilimo iliwahakikishia wakulima bei ya chini kabisa ambayo haiwezi kushuka. Bei ya soko ikishuka, Jumuiya inanunua ziada na kuiweka ghalani. Wakulima wakazalisha, mbona wasizalishe. Siagi, nyama, maziwa ya unga, nafaka, vikajaa maghala na majokofu mpaka kuvitunza kukawa gharama nyingine. Sehemu ya mzigo ule ikauzwa nje kwa ruzuku, na wafugaji wa Sahel waliukuta wa nyama masokoni Afrika Magharibi ukiwa na bei ambayo ng'ombe aliyetembea kwa miguu yake hawezi kushindana nayo. Hapo ndipo yule mchekeshaji alipoonyesha akili. Mapema 1986 akaenda kwenye Bunge la Ulaya na hoja rahisi kama ya mama ntilie: kuvitunza vyakula hivi kunawagharimu, kuna watu wana njaa mtaa wa pili, wapeni. Mwaka 1987 Ulaya ikaanzisha mpango wa kugawa ziada kwa wahitaji.

Ona sasa. Hapo hakuombwa mtu atoe kutoka moyoni. Hapo mtu alisimama mbele ya wenye mamlaka akasema chakula kipo, kimelipiwa na kodi za wananchi, kitoeni. Hilo ni dai. Kwangu mimi ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, na ndilo ambalo halina wimbo.

Na lilikuwa na nguvu kiasi gani tuliona lilipotikiswa. Ulaya ilibadilisha sera zake, milima ikayeyuka, mpango ukawa sasa unanunua chakula sokoni badala ya kugawa ziada. Ujerumani ikaenda mahakamani. Aprili 2011 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana nayo kwamba hiyo si ziada tena, kwa hiyo sheria hairuhusu. Mpango uliokuwa na euro kama milioni 500 kwa mwaka ukawa unaelekea kubaki na milioni 113. Ikawa patashika, mashirika ya misaada yakapiga kelele, mwishoni mwa mwaka wakapata nyongeza ya miaka miwili, na mwaka 2014 ukaja mfuko mpya. Waliookoa jahazi hawakuwa watu wenye mioyo laini zaidi kuliko wengine. Ni kelele.

Haya, twende kwenye kodi. Najua mnachukia kodi, vumilieni aya mbili.

Mwaka 1988 Ufaransa ilipitisha kile kinachoitwa sheria ya Coluche. Ukitoa msaada kwa mashirika yanayolisha na kuhifadhi maskini, unapunguziwa kodi yako ya mapato. Kwa sasa ni asilimia 75 ya ulichotoa, mpaka kikomo fulani. Yaani ukitoa euro 100, kodi yako inapungua kwa 75, wewe umeumia 25 tu. Nilianza kuandika makala haya nikiwa na nia ya kuilaumu serikali kwamba haitoi kitu. Kumbe inatoa! Inatoa robo tatu ya kila euro ya mtu anayedai punguzo lake, lakini inatoa kimyakimya, kwa mkono wa mwingine. Mtoaji anajisikia mtakatifu, serikali haina la kujibu. Makopo yakiisha ghalani, nani wa kuulizwa bungeni?

Ila kuna tundu. Punguzo hilo linamfaa mwenye kodi ya mapato ya kupunguza. Zaidi ya nusu ya kaya za Ufaransa hazilipi kodi hiyo. Sasa chukua bibi kizee wa pensheni ndogo ambaye hadaiwi kodi ya mapato, anatoa euro 10 zake kwa Migahawa ya Moyo. Zimemtoka 10 kamili. Daktari wa jirani yake anatoa 10, zimemtoka mbili na nusu. Halafu tuambiane tena kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye utajiri ametoa kwa bei ya punguzo, mwenye moyo amelipa bei kamili.

Utamu wa kisa unaongezeka mwaka 2023. Bei za vyakula zilikuwa zimepaa, foleni zimerefuka, na vyakula vyenyewe shirika linavinunua sehemu kubwa sokoni kwa bei hizohizo. Septemba mwaka ule rais wa Migahawa ya Moyo, Patrice Douret, alikwenda kwenye televisheni ya TF1 akasema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo, shirika linaweza kufunga milango ndani ya miaka mitatu. Linahitaji euro milioni 35. Na tayari limebana ule mstari wa kipato, hivyo litalazimika kuwakataa watu wapatao 150,000 msimu unaokuja. Soma tena hiyo namba. Migahawa iliyoanzishwa kwa kuwa hakuna anayestahili kulala njaa, inatangaza kwenye televisheni idadi ya itakaowarudisha.

Serikali ikakurupuka kuahidi euro milioni 15. Familia ya Bernard Arnault, mwenye LVMH, tajiri namba moja wa Ufaransa, ikatoa milioni 10. Picha zikapigwa, waziri akashukuru. Wapo waliopiga makofi, wapo waliosema alipe kodi inavyotakiwa tuache kushukuru. Mimi sina ugomvi na ile milioni 10, imenunua chakula, na tumbo haliulizi jina la mtoaji. Nilichokiona ni kasi. Siku moja tu baada ya mtu kulia kwenye televisheni, fedha zikapatikana. Kumbe zilikuwepo. Wiki moja kabla zilikuwa wapi?

Huu mchezo wa kuliita jambo "moyo" ili lipite sio mpya huko. Nimetaja kanisa la kilimani Paris, Sacré-Cœur, Moyo Mtakatifu. Wakatoliki wenzangu mnalijua jina, kila jimbo huku lina parokia yake. Ukiliona kwenye postikadi ni jeupe kama sukari. Lakini historia yake ina damu. Nadhiri ya kulijenga iliwekwa Ufaransa ilipokuwa inapigwa na Prussia, na pale kilimani Montmartre ndipo uasi wa watu wa Paris, Komuni, ulipoanzia Machi 1871, kabla haujazimwa Mei kwa kuua maelfu. Mwaka 1873 bunge, lililojaa watu wa kihafidhina, likapitisha sheria kutangaza kwamba kanisa hilo ni la manufaa ya umma. Bunge likatoa amri, fedha zikachangwa na waumini kote nchini, wengine wakinunua jiwe mojamoja. Jiwe la msingi likawekwa 1875, ujenzi ukaenda mpaka 1914. Kwa familia za waliouawa, ule ulikuwa moyo uliowekwa juu ya kaburi. Ndiyo maana mpaka lilipopewa hadhi ya mnara wa kihistoria mwaka 2022 bado kulikuwa na watu wa mrengo wa kushoto waliopinga. Miaka 150, wandugu, watu hawajasahau.

Kwa hiyo neno ni tamu, ila muulize mwenye nalo analitumia kufunika nini. Na huku kwetu tusijifanye watazamaji. Kenya ilijenga mashule mengi kwa harambee, watu wakatoa kwa moyo, mpaka ikafika mahali mwanasiasa anatoa kitita mbele ya kipaza sauti kuliko mshahara wake unavyoweza kueleza, na mwaka 2003 ikabidi sheria ya maadili ya watumishi wa umma iwawekee mipaka. Bongo nako mtoto hana dawati, tunaitwa kwenye hafla ya chakula cha jioni kuchangia madawati. Tunakula kuku, tunachangia, tunapiga picha. Anayepanga bajeti ya elimu naye yupo ukumbini, meza ya mbele, anapiga makofi.

Katika kutafuta hili jina nilikutana na moyo mmoja tu ulionifurahisha bila kunitia mashaka, tena uko mbali na Ufaransa. Jimbo la Idaho, Marekani, kuna ziwa na mji unaitwa Coeur d'Alene. Maana yake moyo wa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu. Wafanyabiashara wa manyoya waliozungumza Kifaransa waliwapa jina hilo wenyeji wa pale, Schitsu'umsh, kwa sababu kwenye biashara walikuwa hawalegei. Wenye moyo mkali kama ncha ya msharasi. Lilikuwa ni lalamiko la mnunuzi aliyeshindwa kupata bei ya kutupa! Jina likabaki. Na ukali ukabaki pia, maana mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 kwa 4, kwamba sehemu ya chini ya ziwa lile iliyo ndani ya eneo lao inashikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya kabila hilo, sio mali ya jimbo la Idaho. Hawakuchangiwa. Walidai.

Nikamwandikia rafiki yangu Lyon haya yote, ujumbe mrefu, nikijiona mchambuzi. Kwamba Coluche wa bungeni ni bora kuliko Coluche wa kantini, kwamba wale wazee wa kujitolea wanapaswa siku moja waweke funguo mezani kwa waziri waseme chukua, watu milioni moja na ushee hawa ni wako. Nikasubiri anisifu.

Akanijibu usiku. "Sawa mzee. Na siku hiyo wameweka funguo, mimi nakula nini?"

Halafu akaongeza kwamba Jumanne anarudi tena, safari hii upande wa pili wa meza, wamempa kazi ya kupanga makopo. Anasema wengi wanaogawa pale waliwahi kupanga foleni. Sijamjibu bado. Kila nikianza kuandika nafuta.